Maradhi Manne ya Ruweida

Kitu cha kwanza alichokiona Ruweida ni viatu.

Viatu vya Bi Mwatum, mama wa mchumba wake, vilikuwa vimepangwa kizingitini, pua zake zikitazama nje. Mgeni aliyekuja kukaa huvua viatu akaviacha vilivyoangukia. Mgeni mwenye nia ya kuondoka hugeuka, akavielekeza njiani kabla hajaingia, ili akitoka achomeke miguu tu na kwenda zake. Ruweida, aliyekuwa akitokea uani na ndoo ya maji mkononi, alivitazama viatu vile vya ngozi, vipya, vya mtu wa mjini Konde, na moyo ukamshuka mpaka kwenye nyayo.

Zilibaki siku tisa kufika ndoa. Kesho yake Ruweida alikuwa atiwe ndani, asingwe, asionekane tena na watu mpaka siku yenyewe. Na mama wa mchumba haji nyumbani kwa bibi harusi wakati kama huo peke yake, asubuhi, bila ya kikapu wala kifurushi. Akija hivyo, kaja na neno.

Ruweida aliitua ndoo taratibu, akasimama nyuma ya pazia la mlango wa ukumbini. Hakutaka kudukua. Lakini miguu ilikataa kwenda mbele, ikakataa na kurudi nyuma.

"Chai iko tayari, bibi," alikuwa akisema mama yake mdogo, Rahma, aliyehamia nyumba ile tangu dada yake, mama wa Ruweida, alipofariki. "Na mkate wa kumimina upo. Uonje tu."

"Nimeshakunywa kwangu."

"Basi hata maji."

"Rahma, kaa kitako."

Rahma alikaa.

"Mie ni mtu wa Kojani kwa kuzaliwa, Konde nimeletwa na mume," alisema Bi Mwatum. "Na sisi watu wa Kojani hatuzungukizunguki. Kisiwa chenyewe kidogo, ukizunguka unarudi pale pale. Nakuuliza tena, kwa uzuri. Mwaka juzi mtoto wenu alikaa ndani miezi minne. Kisimani haonekani, harusini haonekani, pwani haonekani. Alikuwa na nini?"

"Si nilikwambia, bibi? Homa ya matumbo."

"Uliniambia, nikashukuru. Ila mtu akiposa huuliza kwa majirani. Ndivyo tulivyorithi, na nyie mlikuja kutuuliza sisi pia. Basi nimeuliza. Bi Mwanamize kaniambia mtoto aliteguka mguu. Bi Mwanawema kaniambia aliumwa macho, hawezi kutazama jua. Yule binti mwenye maneno mengi, Khairat, kaniambia alipelekwa Unguja kupasuliwa kidole tumbo." Bi Mwatum alikuwa akikunja vidole, kimoja baada ya kimoja. "Na weye homa ya matumbo. Mtoto mmoja, maradhi manne!"

Rahma akafanya kosa la mtu anayezama, akashika maji.

"Homa ile ilikuwa mbaya, bibi. Ilianza tumboni, ikateremka mguuni..."

"Ikapanda machoni?"

"Ikapanda machoni," aliitikia Rahma kwa sauti ndogo.

"Kisha ikakata tiketi ya boti, ikenda Unguja!"

Nyuma ya pazia Ruweida aliuziba mdomo kwa mkono. Hakujua kama kinachotaka kumtoka ni kicheko au kilio.

"Sikuja kugombana, Rahma," aliendelea Bi Mwatum, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka. "Nina mtoto mmoja tu wa kiume, na baba yake hayupo. Hafiz nilimuuliza vilevile, maana alikuwa akipita hapa kila siku na gari lake la ng'ombe. Nikamwambia, alikuwa na nini yule mtoto? Unajua alinijibuje? 'Muulize mwenyewe, mama.' Basi. Haongezi, hapunguzi. Sasa nisikilize. Jambo lililofichwa na watu wanne si dogo. Kama ni wazimu, niambiwe wazimu. Kama ni jini, niambiwe jini. Mie simuozi mwanangu fumbo. Leo nikitoka hapa bila ya kuambiwa kweli, kesho msimtie ndani. Hakuna ndoa."

Hakuna ndoa. Ruweida aliyasikia maneno mawili yale kama mtu anayesikia mlango ukifungwa na yeye yuko nje.

Alimuona Hafiz mbele ya macho yake kama alivyomuona juzi, amesimama ubavuni mwa gari lake, mikono imejaa nyuzi za makumbi ya nazi, anamtazama kwa lile jicho lake lisilo haraka. Mwanamume wa maneno machache. Alipokuja kumtaka, kabla hajawatuma wazee, alisema hivi tu: "Ruweida, nataka kuleta watu kwenu. Ukikataa, makumbi nitaendelea kuleta." Na yeye aliangalia chini, akachora mchangani kwa kidole cha mguu, akasema, "Walete." Neno moja. Lilimgharimu usingizi wa wiki nzima.

Kwani Ruweida ndivyo alivyoumbwa. Tangu akiwa darasa la nne alikuwa akilijua jibu na mkono haunyanyui, mpaka mwalimu akadhani hajui. Alipofika la tano mama akaanza kuugua, akatoka skuli kwenda kumuuguza, na hakurudi tena. Maneno yote aliyokuwa nayo yalibaki ndani, yamepangwa vizuri, hayajawahi kuvaliwa.

Alilisogeza pazia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Bi Mwatum alimtazama, akangoja. Rahma naye alimtazama, jicho limemtoka pima, likimwambia usithubutu. Ruweida alifungua mdomo. Kweli yote ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Nakwenda pwani," alisema.

Rahma alishusha pumzi. Bi Mwatum alisimama, akajitanda buibui lake.

"Mie naja," alisema. "Nataka kuwaona hao madaktari wengine."

*

Maji yalikuwa yamekupwa. Pale pwani, kila mwanamke ana shimo lake la tope, alilofukia makumbi ya nazi na kuyakandamiza kwa mawe ili bahari isiyachukue. Hulala humo miezi mpaka yalainike, ndipo huchimbuliwa na kupigwa kwa vigongo hadi ganda lote litoke, ubaki usumba mtupu wa kusokotea kamba. Harufu yake si ya kusimuliwa. Lakini mikono iliyozoea hucheza ngoma juu ya magogo, na ngoma ile husikika mpaka msikitini.

Siku ile ngoma ilikatika, kigongo baada ya kigongo.

"Yallah!" alisema Khairat, aliyekuwa rika la Ruweida, keshaolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na mdomo haujaachika hata mara moja. "Mama mkwe huyo! Kaja na miguu yake!"

"Assalaam alaykum," alisema Bi Mwatum.

"Waalaykumu ssalaam! Karibu, bibi, karibu. Angalia tope hapo."

"Nimekaribia." Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bi Mwanamize, mkubwa wao, mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. "Nimekuja kuulizia mguu."

"Mguu gani?"

"Wa Ruweida. Ule ulioteguka."

"Aaa, mguu ule! Umepona, alhamdulillahi."

"Ulikuwa upi?"

"Wa kulia," alisema Bi Mwanamize.

"Wa kushoto," alisema Khairat, sauti zao zikagongana.

Bi Mwatum aligeuka. "Weye si ulisema kidole tumbo?"

"Kidole tumbo ndicho kilichokuwa upande wa kushoto, bibi."

"Kidole tumbo kipo kulia. Mie mwenyewe nimepasuliwa."

Bi Mwanawema, wa macho, aliinama ndani ya shimo lake kama aliyedondosha kitu, na hakuinuka. Rahma, aliyekuwa amewafuata nyuma mbio mbio, alijifunika uso kwa upindo wa kanga.

"Nyie ni watu wazima," alisema Bi Mwatum, na hasira yake sasa ilikuwa wazi. "Mnasali, mnafunga. Kwa nini mnaniongopea?"

Wimbi dogo lilikuja, likarudi. Kisha Bi Mwanamize akakitua kigongo chake, akajifuta mikono kwenye kanga, akanyooka.

"Kwa sababu ni wetu," alisema. "Tumemtafuta mpaka tumempata. Hatutaki aje mtu amvunje kwa neno moja. Ukitaka kugomba, nigombe mie."

"Na mie," alisema Bi Mwanawema kutoka shimoni.

"Na mie, bibi," alisema Khairat. "Ila upasuaji ule niliusema kwa sababu ulinikuta napiga makumbi. Nilisema kilichonijia kwanza."

Ruweida aliwatazama. Miguu imezama topeni, nyuso zimerukiwa na tope, vichwa vimeinama kama vya watoto waliokamatwa mwembeni kwa watu. Bi Mwanamize huyu, ambaye akiokota nazi moja njiani huitangaza kijiji kizima mpaka mwenyewe apatikane. Bi Mwanawema, asiyekubali hata kusema pilau ni tamu kama si tamu. Wote wamejitia dhambini, kila mmoja kivyake, bila ya kuambizana, kwa ajili yake yeye.

Alitaka kuwaambia ahsante. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akitaka. Na hapo hapo aliona kwamba ahsante ile haikuwa na njia nyingine ila moja.

"Bi Mwatum," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Lakini ilitoka.

"Naam, binti."

"Hawa si waongo. Waongo hukubaliana kwanza. Hawa kila mmoja alinisitiri kwa kanga yake. Mguu wangu haujateguka. Macho yangu mazima. Unguja sijafika. Maradhi si manne, bibi. Ni mamoja. Niliumwa na moyo. Huzuni."

"Ruweida!" Rahma alishtuka.

"Niache, mama. Niache niseme, nikinyamaza sasa sitasema tena."

Bi Mwatum hakutikisika. "Sema."

"Nilimuuguza mama miaka. Kila alfajiri nilikuwa nampashia maji ya kumuogesha. Alipokufa, watu wakaja, wakasoma hitma, wakaondoka. Asubuhi nikaamka nikapasha maji. Siku ya pili, nikapasha. Kashazikwa, bibi, na mie napasha maji, yanachemka, nayatazama, nayamwaga. Sikumwambia mtu. Kisha siku moja sikuamka kabisa. Si kwamba nilikuwa nalia. Ningelia ningepata nafuu. Nilikuwa sisikii njaa, sisikii joto, sitaki kuoga, sitaki kusema. Nikatazama ukuta. Ukuta ndio uliokuwa mtu wangu."

Khairat alikuwa ameanza kulia kimya kimya, bila ya vituko.

"Baba alimleta shehe akanisomea, Mungu amlipe. Kisha wakanipeleka kituo cha afya. Kulikuwa na daktari mwanamke. Akanipima, akasema homa hana, wazimu hana, huzuni imemzidi nguvu. Nikawa nakwenda kwake. Na akamwambia Bi Mwanamize, aliyenipeleka, maneno mawili: msimwache peke yake, na msimlazimishe kusema."

"Basi yeye akaja nayo hapa pwani maneno yale," alidakia Bi Mwanawema, ambaye sasa alikuwa ametoka shimoni. "Tukasema, sisi kukaa kitako bure hatuwezi, kazi zetu nyingi. Basi tukaihamisha kazi."

"Wakaihamisha kazi," alisema Ruweida. "Kila siku ikisaliwa alasiri, wanakuja uani kwetu na usumba wao, wanakaa karibu na mlango wangu, wanasokota kamba. Hakuna aliyenambia 'jikaze'. Hakuna aliyenambia 'wenzio wamefiwa na watoto'. Walikuwa wanagombana tu bei ya sukari. Khairat anawasengenya waume zake."

"Nilikuwa natoa sifa zao," alisema Khairat, akifuta kamasi.

"Ijumaa Bi Mwanawema ananivuta kama mtoto, ananisuka, ananitia mafuta ya nazi. Na Bi Mwanamize, kila siku, huweka fumba moja la usumba pembeni ya mkeka wangu. Haniambii kitu. Jioni analichukua, kesho analeta jingine. Siku hamsini na moja sikuligusa. Ya hamsini na mbili mkono wangu ukalishika. Sijui kwa nini siku ile. Nikasokota kama shubiri moja. Nikadhani watapiga vigelegele, nikaona haya, nikataka kuacha. Hakuna aliyepiga. Bi Mwanamize alisema, 'Legeza mkono, umekaza sana.' Ndio hivyo tu. Nikalegeza. Na ndipo nikalia."

Upepo ulipita. Mahali fulani nyuma ya minazi kulikuwa na mtu akikata kuni.

"Nilipoweza kutoka, nikaja hapa. Nikadhani shimo langu bahari imeshalichukua, miezi minne halina mwenyewe. Nikalikuta. Mawe yamepangwa moja moja. Kila maji ya bamvua yakijaa na kuyaangusha, wao wakiyarudisha. Makumbi yangu yote yalikuwemo. Hiyo ndiyo kweli, bibi. Nimekuwa nikiona haya kuisema, kwa kuwa nilidhani ni aibu yangu. Leo nimewaangalia hawa nikaona kumbe si aibu. Ni neema yangu. Ukitaka kuvunja ndoa, vunja. Lakini usiwaite waongo."

Hakuwahi maishani mwake kusema maneno mengi kiasi kile mfululizo. Pasi na kutazama alijua kwamba mkono uliomshika kiwiko ni wa Bi Mwanamize.

Bi Mwatum aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Walikuja siku ngapi?"

"Kila siku."

"Hata ya arobaini ilipopita?"

"Ndipo walipokuwa wameanza."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Mvua tulikaa jikoni," alisema Bi Mwanawema. "Moshi ukatutoa machozi wote, tukasema leo tumemlilia marehemu sawasawa."

Bi Mwatum alitafuta pa kukaa. Alivua viatu vyake vya ngozi, kimoja kikaangukia huku, kimoja kule, akakaa juu ya gogo lenye tope na buibui lake zuri.

"Alipofariki baba yake Hafiz," alisema, "nilikaa eda Konde. Mji wa watu, mie mgeni. Siku saba nyumba haikutosha. Masufuria, mikeka, Yasini. Ya nane, hata paka hakuingia. Miezi minne na siku kumi, nimekaa na kuta zile. Nilikuwa nikimpangia na marehemu sahani yake. Kama weye na maji yako." Alimtazama Ruweida kwa mara ya kwanza bila ya kumpima. "Hafiz alikuwa mdogo. Alikuwa akirudi chuo cha Kurani anasimama mlangoni, ananitolea salamu. Naitikia, siitikii, yeye hutoa. Akienda kucheza hutoa, akirudi hutoa. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Wala sikuwahi kumwambia mtu habari hii. Nilidhani nilikuwa dhaifu peke yangu dunia nzima."

"Hukuwa peke yako, bibi," alisema Bi Mwanamize taratibu. "Ulikosa watu tu."

Bi Mwatum alifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

"Na ikikurudia?" alimuuliza Ruweida. Swali lilikuwa gumu, lakini sauti haikuwa ngumu tena. "Ukizaa, ukifiwa, dunia hii haiishi mambo. Ikikurudia?"

"Sijui, bibi. Huenda isirudi. Ikirudi sitapasha maji kimya kimya. Nitasema." Kisha akaongeza, kwa sababu ndilo lililokuwa likimtisha miezi yote ya uchumba, usiku na mchana: "Ninaloliogopa ni kwamba nitakuwa Konde. Na hawa wako huku."

"Konde kuna gari za kila saa," alisema Khairat. "Tutakuja na makumbi yetu tulichafue hilo baraza la mama mkwe wako mpaka majirani wahame."

Wanawake walicheka. Bi Mwatum naye mdomo ulimcheza. Alinyoosha mkono, akachukua fumba la usumba lililokuwa juu ya gogo.

"Konde nipo mie," alisema. "Lakini mie ni mtu wa duka la vitambaa, mikono yangu haijui kazi hii. Nifunze. Nisije nikakaa na mwanangu nikawa sina cha kushika."

Ruweida hakusikia vizuri kwanza. *Mwanangu.* Rahma alikuwa ameshapiga kigelegele kimoja kabla hajajizuia, akakimeza katikati.

Ruweida alichuchumaa mbele ya gogo. Aliugawa usumba mafungu mawili kwenye viganja vile laini vya mama mkwe wake, akaiweka mikono yake juu, akavisugua pamoja, mbele, mbele. Kamba ya kwanza ilitoka imejikunja kama mkia wa kinyonga.

"Mbona hivi?"

"Legeza mkono, mama," alisema Ruweida. "Umekaza sana."

*

Kengele ilisikika kabla ya gari. Kling, kling, ya taratibu, ya ng'ombe anayejua njia na anayejua kwamba hakuna wa kumharakisha. Ngozi ya Ruweida iliitambua kabla ya masikio.

"Tausi huyo," alisema Khairat. "Ng'ombe gani kujipenda vile? Anatembea kama bibi harusi kuliko bibi harusi mwenyewe!"

Gari lilishuka mpaka pale mchanga unapoanza kulowa. Hafiz aliruka chini, kofia imemkaa upande, shati limejaa vumbi la makumbi makavu aliyopakia. Aliwaona wanawake. Akamuona mama yake, amekaa topeni, miguu mitupu, ameshika kipande cha kamba kibaya kuliko kamba zote zilizopata kusokotwa kisiwani Pemba. Akasimama.

"Assalaam alaykum," alisema kwa wote, na jicho lake likaenda kwa mmoja.

"Waalaykumu ssalaam," waliitikia.

"Mama. Kuna nini?"

"Kuna kazi," alisema Bi Mwatum. "Shusha mzigo. Nimemuuliza mwenyewe, kama ulivyoniambia. Kanijibu. Na kesho anatiwa ndani, kwa hiyo mtazame upesi upesi, kisha ugeuze uso wako huko!"

Wanawake walipasuka kwa kicheko. Hafiz aliinamisha kichwa, lakini tabasamu lilikuwa limeshamponyoka. Alianza kushusha makumbi. Kila akiinua mzigo, macho yalikuja. Kila akiutua, yaliondoka. Na Ruweida, ambaye siku zote huwa wa kwanza kutazama chini, leo hakutazama chini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelisema, hata katika yote yale aliyoyatoa. Hakumwambia daktari, hakumwambia Bi Mwanamize, hata Hafiz mwenyewe hakumwambia, wala Hafiz hakuwahi kuuliza.

Miezi ile minne, kila siku, mara mbili, kengele ile ilikuwa ikipita chini ya dirisha lake. Ikifika pale inapunguza mwendo. Na sauti ya mwanamume, si ya juu, si ya chini, inasema: "Assalaam alaykum, Ruweida. Mie na Tausi tunapita." Haingoji. Haisemi *pole*, haisemi *inuka*. Kengele inaendelea na njia yake. Jioni inarudi: "Assalaam alaykum, Ruweida. Mie na Tausi tunarudi."

Na kuitikia salamu ni wajibu. Hata mtoto wa chuoni anajua. Yeye alikuwa amelala uso ukutani, ulimi unataka, koo linakataa. Siku nyingine midomo ilitikisika, sauti isitoke. Siku nyingine hata midomo haikuweza, akaitikia kwa kidole kimoja juu ya mkeka. Lakini kabla ya kengele alikuwa akiingoja, na baada ya kengele alijua kwamba siku imefika mahali fulani, imegawanyika, si ukuta mtupu tena. Leo, aliposikia habari ya mtoto aliyekuwa akisimama kwenye mlango wa eda, ndipo alipofahamu salamu zile zilitoka wapi.

Aliinuka. Akapita katikati ya magogo, kanga yake imerukiwa na tope, akaenda mpaka kwenye gari. Nyuma yake vicheko vilizimika. Tausi aligeuza kichwa, kengele ikalia mara moja.

"Hafiz."

"Naam." Alikuwa na mzigo mabegani, hakuutua.

"Zile salamu zako. Za dirishani."

Mzigo ulishuka taratibu mpaka mchangani. Hafiz alikuwa mtu wa kungoja, alishangoja kabla.

Ruweida alimtazama machoni, haya zake zote zikiwa pale pale, hazijaenda popote, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Bi Mwanamize, mpaka kwa mama yao aliyekaa juu ya gogo:

"Waalaykumu ssalaam, Hafiz, warahmatullahi wabarakatuh. Weye na Tausi. Mkipita, na mkirudi. Kila siku nilikuwa nakusikia."